Jinsi Bi Zamda Alivyoridhia

Sisi wa nchi ya Shukurani hatuna shida ya nyumba. Jambo hili lilitangazwa na Mstahiki Meya wa jiji letu la Pendeza, na tangu siku hiyo mtu asiye na nyumba huhesabiwa kuwa mtu asiyesikiliza redio. Nayasema haya mapema ili msomaji asije akadhani nina kinyongo. Mimi ni mtumishi wa umma. Naitwa Eliudi Mtenga, karani wa mihtasari wa Halmashauri ya Jiji. Kwa miaka kumi na tisa nimeandika kila neno lililosemwa vikaoni, isipokuwa yale niliyoambiwa nisiyaandike, ambayo ndiyo mengi.

Nyuma ya Ofisi Kuu ya Jiji palikuwa na Kota za Wafagiaji: nyumba sabini na mbili za chumba na sebule, vyoo vinne kwa wote, na bomba moja lililotoa maji siku za sikukuu za kitaifa. Waliozijenga, watawala wa zamani, walisema zitadumu miaka kumi. Zilikuwa zimefikisha sitini na tatu. Humo waliishi wafagia barabara wa jiji na wastaafu wao, na ardhi ile ilikuwa ya umma. Katika nchi yetu umma ni kitu kitukufu mno. Ndiyo maana hauonekani kwa macho.

Siku moja Mstahiki Meya alikuwa akirudi kutoka ng'ambo, kwenye mkutano wa mameya wenye huruma, ndege yake ikapita juu ya Kota. Aliziona kwa mara ya kwanza, kwa kuwa akiwa ardhini gari lake lina mapazia. Moyo ukamuuma. Kesho yake akaitisha Baraza la Madiwani.

"Waheshimiwa," alisema, "jana nimewaona wananchi wetu kutoka juu. Nami nikajiuliza: nyumba ni nini? Nyumba ni paa. Na paa ni nini? Paa ni mbingu ya mtu mmoja mmoja. Je, mbingu ya mfagiaji wetu iendelee kuwa bati lenye kutu?"

"Hapana!" madiwani walijibu, na wawili wakalia, mmoja wao baada ya kuulizwa kwa nini halii.

Ikaazimiwa kwamba Kota zivunjwe, zijengwe nyumba mia sita za watu wa kipato cha chini, na waliokuwepo wawe wa kwanza kupewa. Ili kufanikisha hayo atafutwe mwendelezaji. Mwendelezaji, kwa asiyejua, ni mtu anayepewa ardhi yako aiendeleze, ili nawe uendelee na safari yako.

*

Sheria yetu ya kumchagua mwendelezaji ni nzuri kuliko sheria za nchi nyingi. Inasema lazima iwepo kamati, na ndani ya kamati lazima awepo mwakilishi mmoja wa wananchi wanaoishi kwenye ardhi hiyo, na uamuzi hauwi uamuzi mpaka kila mjumbe autie sahihi. Nasikia walioitunga walikuwa vijana, na kwamba wote wamehamishiwa mikoani.

Mkurugenzi wa Jiji, Bwana Fulgensi Tindwa, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati. Aliniita ofisini kwake.

"Eliudi, nitafutie mtu huko Kota. Awe mtu mzima. Mpole. Asiwe mtu wa kupenda kusomasoma."

Nilimtaja Bi Zamda Mlekwa papo hapo. Bi Zamda alikuwa amefagia mbele ya ofisi yetu kwa miaka ishirini na minane, na hata baada ya kustaafu aliendelea kupita asubuhi kutazama kama waliomrithi wanafagia pembeni mwa ngazi. Nilimwamkia kila siku ya kazi. Sikuwahi kumwona ameshika kitabu. Sasa ninavyofikiri, sikuwahi pia kumwona ameketi.

Nilimkuta barazani kwake akichambua maharage pamoja na jirani yake, Bi Rehani, ambaye alikaa nyumba ya tatu kutoka pale. Hao wawili waliajiriwa siku moja na kustaafu siku moja.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba, Eliudi," alisema Bi Zamda. "Wamekutuma."

"Wamekuteua, mama."

"Kuna tofauti?"

Nikamweleza habari ya kamati. Alisikiliza bila kuacha kuchambua. Nilipomaliza alimtazama mwenzake.

"Nenda," Bi Rehani alimwambia. "Wewe huogopi watu wenye tai. Na ukifika huko, ulizia vyoo."

Jioni ile majirani walifika mmoja mmoja na maswali yao. Kesho yake Bi Zamda alikuja kikaoni na karatasi iliyoandikwa pande zote mbili: vyoo vingapi, kodi itakuwaje, wakati wa ujenzi tutakaa wapi, wajane ambao majina yao hayamo kwenye daftari watahesabiwa au la, na je, tutarudi. Hilo la mwisho lilipigiwa mstari mara mbili. Yeye mwenyewe ndiye aliyeyaandika, kwa mwandiko wa kulala, mzuri kuliko wangu. Baadaye ndipo nilipopata kujua kwamba kwa miaka yote ile alisoma kila karatasi aliyoifagia kabla ya kuichoma. Alisoma barua za Mkurugenzi na nakala za mihtasari yangu zilizotupwa. Yawezekana ndiye raia pekee wa Shukurani aliyewahi kusoma mihtasari yangu.

*

Waombaji walikuwa watatu.

Wa kwanza alikuwa kampuni ya Peponi Hapahapa, mali ya Bwana Jumbe Lukosi. Bwana Lukosi ni shemeji wa Meya. Jambo hili lilitamkwa wazi mwanzoni mwa kikao ili kuondoa mashaka, na mashaka yakaondoka. Wa pili alikuwa kampuni ya Ndugu Wawili, iliyowakilishwa pia na Bwana Lukosi, safari hii akiwa amevua kofia. Kamati ilifurahi kuona ushindani. Wa tatu ulikuwa Ushirika wa Mafundi wa Bondeni, na mwenyekiti wao, Fundi Ngole, mwashi, alikuja na bahasha moja na viatu alivyovipangusa mlangoni kwa muda mrefu.

Kigezo kikubwa kilikuwa uzito wa andiko. Mtaalamu wetu wa manunuzi alieleza kwamba andiko zito huonyesha nia nzito. Mizani iliazimwa kutoka bucha ya ng'ambo ya barabara, nayo ilifika bado ina damu kidogo. Andiko la Peponi Hapahapa lililetwa kwa mkokoteni, majuzuu matatu yenye majalada ya ngozi. Juzuu la pili lilikuwa karatasi tupu mwanzo hadi mwisho. Bwana Lukosi akafafanua kwamba hizo ni nafasi za mawazo yatakayokuja, na mjumbe mmoja akaandika pembeni: "Unyenyekevu." Andiko la Fundi Ngole lilikuwa kurasa kumi na mbili. Sindano ya mizani haikusogea.

"Naomba niisome hiyo nyepesi," alisema Bi Zamda.

Akatoa kwenye mkoba miwani iliyofungwa kamba upande mmoja, akaivaa, akasoma kurasa zote kumi na mbili huku kamati ikimsubiri. Mkurugenzi aliniangalia kwa jicho ambalo sikuliingiza kwenye muhtasari.

Fundi Ngole akaitwa ajieleze.

"Tutajenga kwa zamu," alisema. "Wa upande wa mashariki wajibane na wa magharibi miezi minane. Tukimaliza huku, wanahamia wote humu, tunavunja kule. Hakuna atakayelala nje hata siku moja. Kodi itabaki ileile wanayolipa sasa. Tumeshapiga hesabu, inawezekana."

"Maono yako ni yapi?" Mkurugenzi aliuliza.

"Maono, Mheshimiwa?"

"Ukitazama mbele, unaona nini?"

"Naona nyumba."

"Zaidi ya nyumba?"

Fundi Ngole alifikiri sana, jasho likimtoka. "Vyoo," alisema.

Kwenye kipengele cha maono alipewa alama mbili kati ya thelathini.

Bwana Lukosi yeye aliwasha mtambo, picha zikamulikwa ukutani. Majengo ya vioo. Ziwa, ingawa Pendeza haina ziwa. Watu warefu, weupe wa meno, wakitembeza mbwa kando ya maua.

"Hawa ni akina nani?" Bi Zamda aliuliza.

"Wakazi, mama."

"Wa wapi? Mbona simwoni hata mmoja wetu?"

"Hawa ni wakazi wa baadaye."

"Na sisi wa sasa, huko baadaye tutakuwa wapi?"

Bwana Lukosi alicheka kwa adabu, akasema hilo ni swali zuri sana, akaweka picha inayofuata.

Bi Zamda akatoa karatasi yake ya maswali. Mkurugenzi akamwambia kwamba maswali ya wananchi yana siku yake. Bi Zamda akauliza basi kwa nini kwenye orodha ya vigezo hakuna kigezo cha bei, nyumba zitapangishwa kwa kiasi gani. Akajibiwa kuwa bei ni jambo la soko, na kamati si soko. Niliyaandika majibu hayo kwa wino mweusi. Wakati ule niliyaona yana mantiki.

*

Wiki iliyofuata tulikwenda kukagua kazi ambazo waombaji walishazifanya.

Ushirika wa Bondeni walikuwa wamejenga nyumba arobaini nje kidogo ya mji. Tuliingia. Watu walikuwa wanaishi ndani yake, na hilo lilikuwa tatizo la kwanza. Kamati iliona sufuria, kandambili mlangoni, kanga zikianikwa, ukuta wenye alama za vidole vya mtoto. Mtaalamu akaandika: "Majengo yameanza kuchakaa kwa sababu ya kukaliwa." Mwanamke mmoja alitukaribisha uji. Mkurugenzi alikataa ili kulinda maadili ya kamati.

Kutoka hapo tukaenda kuona mradi wa Peponi Hapahapa, mwendo wa saa mbili. Palikuwa na lango. Sijawahi kuona lango zuri kama lile: nguzo nne, tausi wawili wa saruji, na maandishi ya dhahabu yasemayo "Karibu Nyumbani." Nyuma ya lango palikuwa na nyasi, kisha nyasi zaidi, na ng'ombe wa mtu. Upande wa mbele lilipigwa hema, tukala mbuzi na pilau. Maadili ya kamati yalikuwa yamechoka na safari.

"Nyumba ziko wapi?" Bi Zamda aliuliza. Yeye hakukaa mezani.

"Unaliona lango, Bibi," alisema Mkurugenzi.

"Nimeuliza nyumba."

"Lango ndiyo nyumba inapoanzia. Na lango hili lina miaka sita, litazame, halina hata ufa."

Wajumbe walilitazama. Kweli halikuwa na ufa. Peponi Hapahapa wakapata alama zote za uimara.

Kwenye basi la kurudi Bi Zamda alikaa kando yangu. Alikuwa na njaa, nilisikia tumbo lake. Nilikuwa nimefunga mapande mawili ya nyama kwenye gazeti kwa ajili ya nyumbani kwangu, nikamkatia moja. Alikataa.

"Eliudi, wewe unaandika yote haya?"

"Ndiyo, mama. Yale yanayoruhusiwa."

"Na ukiandika, huwa unasikia nini?"

Nikamjibu kwamba kalamu ikiwa nzuri husikii chochote. Nilidhani anaulizia kalamu.

*

Matokeo yalitoka hivi: Peponi Hapahapa tisini na saba, Ndugu Wawili themanini na moja, Ushirika wa Bondeni ishirini na tatu. Bi Zamda peke yake ndiye aliyewapa Bondeni tisini, na waombaji wengine akawapa sifuri. Karatasi yake ikaondolewa kwenye hesabu kwa sababu haikufanana na za wenzake.

Ikabaki sahihi. Mkurugenzi alisoma azimio, wajumbe sita wakasaini, karatasi ikamfikia Bi Zamda. Aliisoma, akairudisha.

"Mimi hii siitii mkono."

"Bibi, wenzako wote wametia."

"Wenzangu wako Kota. Hapa sina mwenzangu." Aliinuka, jambo lisilo la kawaida kwenye kamati. "Nimefagia mbele ya jengo hili miaka ishirini na minane. Siku zote hizo hakuna aliyeniuliza naonaje. Leo mmeniuliza. Nimewajibu. Mbona mnakasirika?"

Kikao kikaahirishwa.

Siku tatu baadaye Mstahiki Meya mwenyewe alimwalika chai. Mimi niliingia kuandika. Kulikuwa na vitumbua, keki, na kikombe chenye picha ya Meya kwa nje na, ukimaliza chai, picha yake nyingine kwa chini.

"Mama yangu," alianza Meya, "mimi nimezaliwa na mwanamke kama wewe. Nyumba namba moja ya mradi huu, yenye bustani, nataka iwe yako. Ufunguo nitakukabidhi mimi mwenyewe, mbele ya waandishi wa habari."

"Ahsante, Mheshimiwa. Na wenzangu sabini na moja?"

"Wenzako watapewa fursa."

"Fursa ina vyumba vingapi?"

Meya aliweka kikombe chini. Akaniambia nisiliandike hilo. Sikuliandika, na ndiyo sababu nalikumbuka.

Bi Zamda aliondoka bila kugusa kitumbua. Mlangoni akageuka akasema, "Shukrani kwa chai," ingawa hakuinywa. Hakuwa mtu wa kukosa adabu.

*

Sasa nafika mahali ambapo watu wamesema maneno mengi, hivyo nitaeleza kilichotokea bila kupunguza.

Mkurugenzi aliniita, akaniuliza kama mahudhurio ya kikao cha mwisho yapo. Nikasema yapo. Mahudhurio yetu ni karatasi moja ya majina na sahihi, nayo kila mjumbe huitia mkono anapoingia, kabla hata ya kuketi. Jina la saba lilikuwa: Zamda Mlekwa, na sahihi yake ya mwandiko wa kulala.

"Hii karatasi ina kichwa cha habari kirefu bure," alisema Mkurugenzi. "Kikate."

Nikakata kwa rula.

"Sasa ibane nyuma ya azimio."

Nikaibana. Azimio lilimalizika kwa maneno, "Sisi ambao majina yetu yamo hapa chini tumeridhia kwa hiari," na hapa chini majina yalikuwemo. Mkurugenzi hakughushi kitu. Sitaki asingiziwe. Sahihi ilikuwa sahihi, ila karatasi ya juu yake tu ndiyo haikuwa yake. Na stepla ilikuwa yangu.

Tangazo lilibandikwa Kota siku ya Jumatatu, kwenye mlango wa choo, mahali ambapo kila mtu hufika. Wakazi walipewa siku thelathini kupisha maendeleo. Chini kulikuwa na nakala ya sahihi zote saba, na ile ya saba ikazungushiwa duara ili wananchi waone kwamba walishirikishwa. Siku hiyo hiyo Jiji lilitoa taarifa redioni likimpongeza mwakilishi wao kwa uzalendo na kudokeza habari ya nyumba namba moja, yenye bustani.

Ofisi yangu ina dirisha linaloelekea Kota. Niliona mambo kidogo kidogo. Niliona Bi Zamda akitoka na ndoo kwenda bombani, na waliokuwa kwenye foleni wakiondoka mmoja mmoja mpaka akabaki peke yake na bomba lisilo na maji. Niliona mtu akimwaga majivu barazani kwake. Siku ya nne niliona Bi Rehani akisimama mbele ya mlango wa mwenzake, akisema kwa sauti ambayo hata sisi wa ghorofani tuliisikia:

"Umekula peke yako, Zamda! Miaka yote hii! Umekula peke yako!"

Bi Zamda alikuwa ndani. Hakujibu, au alijibu kwa sauti ya mtu mmoja.

Kesho yake alikuja ofisini. Nilimwamkia, akaitikia. Akaweka tangazo mezani kwangu, akaweka kidole kwenye duara.

"Mwanangu, hii niliitia wapi?"

Ningeweza kusema sijui. Sikusema hivyo, na hilo naomba lihesabiwe.

"Kwenye mahudhurio, mama."

Alifumba macho kidogo, akafumbua. "Basi twende. Njoo uwaambie hivyo hivyo kama ulivyoniambia mimi. Maneno matatu tu. Mimi wakinifukuza na wanifukuze, nyumba si yangu. Lakini Rehani asiende huko anakokwenda na neno lile moyoni."

Nikamweleza utaratibu. Mtumishi wa umma haruhusiwi kutoa taarifa ya vikao kwa wananchi bila kibali cha maandishi. Nikamwahidi kwamba nitaomba kibali siku ileile. Na niliomba, nakala ninayo. Aliniangalia nikiiandika barua ile, mstari kwa mstari, mpaka nikapiga muhuri.

"Kinachukua muda gani?"

"Siku kumi na nne za kazi, mama."

Alihesabu kwa vidole, akaona kwamba ziko ndani ya siku thelathini, akashukuru. Kila asubuhi alifika kuuliza. Alisimama pembeni mwa ngazi, pale alipozoea kufagia, na nikipita ananyanyua kidevu tu, nami natikisa kichwa. Nilikuwa na miguu. Kutoka ofisini kwangu mpaka Kota ni hatua mia mbili na kumi, nimezipima baadaye.

Siku ya thelathini yalikuja matingatinga mawili. Wakazi walitoa vitanda vyao wenyewe, kwa utulivu ambao Meya aliusifu. Kila familia ilipakia kwenye mkokoteni iliojipatia. Bi Zamda alikuwa na godoro, sufuria mbili na ile miwani. Hakuna aliyemsaidia kubeba godoro. Alilikokota hadi barabarani, akakaa juu yake mpaka lilipokuja lori la mkaa lililokuwa likirudi mpakani, alikokuwa mdogo wake wa kike.

*

Mradi ulikwenda vizuri. Mwanzoni ulipunguzwa kutoka nyumba mia sita hadi mia moja na ishirini, kwa ajili ya ubora. Kisha maneno "watu wa kipato cha chini" yakafanyiwa tafsiri na mwanasheria wa Jiji, aliyegundua kwamba kila kipato kiko chini ya kipato fulani kingine. Hivyo madiwani wote wakastahili. Zikajengwa ishirini na nne, za vioo, na lango. Ziwa linaendelea kufikiriwa. Fundi Ngole naye alipata kazi pale, ya kujenga ukuta wa kuzunguka, nao ni ukuta mzuri.

Bi Zamda alifariki mwezi wa nane tangu ahame, huko mpakani. Jiji lilituma rambirambi zilizomtaja kuwa mmoja wa waasisi wa mradi. Niliziandika mimi. Zilirudishwa na posta kwa kukosa anwani.

Kibali changu kilitoka mwezi wa kumi na nne tangu nikiombe. Kilikuja na mihuri mitatu, kikinipa ruhusa ya kueleza ukweli wa mahudhurio kwa mkazi mmoja wa iliyokuwa Kota, mara moja tu, kwa sharti kwamba mkazi huyo asaini fomu kuthibitisha ameelezwa. Nilifurahi. Nilichukua likizo ya siku moja nikamtafuta Bi Rehani.

Nilimpata mtaa wa Mabondeni, kwenye chumba cha kupanga karibu na machinjio, ameketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, akichambua mchicha kwenye sinia. Alikuwa amekonda. Nilimwamkia, nikasimama wima kama inavyotakiwa, nikamweleza yote: mahudhurio, rula, stepla. Nilisema kwamba Bi Zamda hakuridhia kamwe, wala hakupewa nyumba, wala hakugusa hata kitumbua.

Aliendelea kuchambua.

"Tulijua," alisema.

"Mlijua?"

"Tangu siku ileile. Zamda hakuwahi kula hata muhogo bila kugonga mlango wangu. Angeuza Kota nzima mimi nisijue?"

"Sasa, mama, mbona mlimfanyia vile?"

Alinitazama kama mtu anayetazama saa kuona kama bado inatembea.

"Tungemfanyia nani, baba? Meya ana mapazia. Mkurugenzi ana mlinzi. Wewe uko ghorofani. Tulikuwa na hasira, na Zamda alikuwa mlango wa tatu."

Mikono yake iliendelea, lakini majani sasa yalikuwa yakiangukia nje ya sinia, na mabua ndiyo yaliyoingia ndani.

Nikatoa fomu. Nikamwonyesha mahali pa kusaini, nikamfungulia kalamu.

Aliitazama karatasi ile kwa muda, kisha akarudisha mikono yake mapajani.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Sahihi hatutoi tena."

Nilimwelewa, wala sikumlazimisha. Lakini fomu ya Jiji hairudi ofisini ikiwa tupu. Nilipofika barabarani niliiweka juu ya goti, nikaandika kwenye nafasi ya sahihi yake, kwa mwandiko wangu: "Hakuwepo."